Kipimajoto Nilichokifunga Kwenye Kanga

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Endasak, ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka kwenye mahindi, meneja wetu akaniita pembeni akaniambia nimechaguliwa kwenda mafunzo. Wiki tatu mjini, kula na kulala juu ya kituo. Mwingine angeshukuru. Mimi nilimwangalia yule mzee kuanzia viatu mpaka kofia, nikajiuliza: ananiondoa ili amweke nani?

Usinicheke, mwanangu. Niliishia darasa la nne, na mtu wa darasa la nne akipewa kitu cha bure hukigeuza kwanza aone chini kuna nini.

Kituo chetu kilikuwa cha kupokea maziwa, mali ya kikundi cha akina mama. Wafanyakazi tulikuwa wawili, mimi na Josefina, na juu yetu huyo meneja, Mzee Athumani, mtoto wa wafanyabiashara wa Katesh. Akina mama walileta maziwa asubuhi, sisi tunapima. Mazuri yanaingia kwenye tangi, mabaya yanarudi nyumbani na aibu yake. Na aibu hiyo uielewe vizuri. Kwetu mwanamke akisemwa kwamba ametia maji kwenye maziwa, hata binti yake huchelewa kuposwa.

Nikaenda mafunzo na shaka yangu mfukoni. Siku za mwanzo nilikaa karibu na mlango. Lakini mwalimu alijua kazi yake, nami taratibu nikasogea mbele. Laktomita nilikuwa naijua tayari, kile kijiti cha kioo kinachoelea: kikisimama juu maziwa ni safi, kikizama yana maji. Nililokuwa silijui ni hili. Maziwa yaliyotoka kwenye chuchu sasa hivi, yakiwa bado na joto la ng'ombe, ni mepesi, na laktomita huzama ndani yake kama vile yametiwa maji. Kwa hiyo unaanza kwa kuchovya kipimajoto. Ukikuta ni ya moto, unayaacha yapoe ndipo unapima. Mwalimu akanipa kipimajoto kimoja nikipeleke kituoni.

Niliporudi, Mzee Athumani akasema, "Haya, mfundishe na mwenzako."

Josefina alikuwa amemaliza la saba. Alisoma gazeti bila kufuatisha kidole. Nikawaza, huyu nikimpa na hiki, mimi hapa nitabaki kuosha ndoo. Basi nikamfundisha nusu. Nikamwonyesha namna nzuri ya kusoma laktomita, namna ya kunusa, namna ya kukung'uta ndoo. Kuhusu joto sikusema neno. Kipimajoto nilikifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayeficha ugoro, kila jioni naondoka nacho. Yakija maziwa ya moto nilikuwa najifanya nina shughuli, nayaweka kando, nachovya kwa siri, nayapima baadaye. Meneja hakuniuliza nimerudi na nini. Aliona cheti, akakibandika ukutani, akaridhika.

Ukaja msiba wa shangazi yangu huko Endagikot, nikaenda kukaa wiki nzima.

Sasa nikueleze habari za mama mmoja, Udagwenga. Alikuwa mfugaji kutoka tambarare, mjane, aliyehamia karibu kabisa na kituo chetu, chini ya barabara tu, mimi nikiwa nimesharudi mafunzo. Wengine wote walishuka kutoka mlimani, saa nzima kwa miguu, na ile baridi ya Hanang' unaijua. Maziwa yao yalifika yamepoa. Ya Udagwenga yalifika yakifuka mvuke. Unaona mambo yanakoelekea.

Nilirudi siku ya kikao. Nikamkuta Josefina amenuna, akina mama wamekaa kwenye nyasi, na Udagwenga amesimama peke yake na kibuyu chake. Siku nne mfululizo Josefina alikuwa ameyakataa maziwa yake. Kikao kilikuwa cha kumfukuza kwenye kikundi, na kile kituo ndicho kilichokuwa kinasomesha watoto wake.

"Labda ng'ombe wake wanalala ziwani," akasema mama mmoja, wenzake wakacheka.

"Hawa wa tambarare tuliwaambia tangu mwanzo," akasema mwingine. "Tabasamu jingi, maji mengi."

Udagwenga akasema, "Kwetu kutia maji kwenye maziwa ni kumtukana ng'ombe. Mimi nimezika mume na watoto wawili, sijawahi kumtukana ng'ombe."

Na mimi nilikaa pale, mwanangu. Nilijua tangu nilipoona mvuke mdomoni mwa kile kibuyu. Kipimajoto kilikuwa kwenye pindo langu, nakishika kwa vidole viwili. Ningesema neno moja tu. Lakini niliwaza: nikisema, wataniuliza kwa nini Josefina hakujua. Nikanyamaza. Wakasema wanaomtaka atoke wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka, na wangu pia ukapanda, nusu. Nao ni mkono.

Udagwenga akaona. Akamgeukia Mzee Athumani. "Baba, kabla sijatoka nina ombi. Nimlete ng'ombe hapa."

Akaenda kumleta, ng'ombe mwekundu mwenye nundu na ndama wake nyuma. Akachuchumaa katikati ya uwanja mbele ya macho yetu wote, akamwacha ndama anyonye kidogo, kisha akakamua. Josefina mwenyewe ndiye aliyeshika chombo. Kilipojaa akaingiza laktomita.

Ikazama.

Yule mama aliyesema ng'ombe wanalala ziwani akafunika mdomo kwa kanga. Josefina akakitoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, kikazama tena. Akaniangalia mimi, mwalimu wake.

"Dada, mbona inasema maji? Ametia wapi? Tumemwona wote."

Udagwenga akasema taratibu, "Mwulizeni ng'ombe kama ana bomba."

Mzee Athumani alikuwa ananitazama pindo la kanga, nililokuwa bado nimelishika. Mficha uchi hazai, wanasema wazee, nami nilikuwa nimeficha mpaka nikawa tasa wa akili. Nikalifungua fundo. Nikachovya kipimajoto mbele yao, nikaeleza. Tukaweka chombo ndani ya maji ya mtaro, yanayoshuka baridi kutoka mlimani. Yalipopoa, laktomita ikasimama juu, kuliko hata ya akina mama wengi waliokuwa wanacheka.

Udagwenga akanisogelea. Nikasema shikamoo kwa sauti ndogo. Hakuitikia.

"Wewe ulikuwa unajua hili?"

"Nilijua, mama."

"Na mkono ulinyoosha?"

"Nilinyoosha."

"Huyu msichana alinitukana kwa sababu hajui. Wewe umenitukana na unajua." Akachukua kibuyu chake, akamshika ng'ombe wake, akashuka.

Nilimpelekea asali nyumbani na wazee wawili wa kuniombea. Aliipokea, akanionya kwa maneno machache, akanisamehe kwa utaratibu wa kwao. Lakini maziwa yake hayakurudi kituoni kamwe. Akawa anawauzia wenye hoteli wa Katesh. Msamaha na imani ni vitu viwili, usidanganyike.

Nilingoja nifukuzwe. Mzee Athumani aliniita, nikajua ndiyo leo. Akasema, "Na mimi nina kosa. Nilimtuma mtu akasome, sikumuuliza amerudi na nini." Akaniamuru kila Jumatatu nifundishe uwanjani, Josefina na kina mama wote, mpaka kila mmoja ajue kupima maziwa yake mwenyewe. Nilishuku hapo pia, nikadhani anataka nikamue akili yangu yote kisha anitupe. Hakunitupa.

Baada ya miaka michache Josefina akapata kazi kubwa mjini, akaenda. Mama yule wa ziwani akasema, "Si unaona? Unafundisha, wanaondoka." Nikamwambia ndiyo, ameondoka, na asubuhi ile maziwa yalipimwa kama kawaida, kwa sababu akina mama sita walishajua kazi hiyo ya kituoni. Usiku wa siku ile ndio uliokuwa wangu wa kwanza kulala bila kushika pindo.

Sasa wewe, mwanangu, umepewa watu wa kuongoza ofisini kwako, na nimesikia unasema mafunzo ni kupoteza fedha na muda, kwamba ukiwafundisha watakuzidi. Mimi sikwambii uache kushuku. Mtu asiyeshuku huibiwa hata kuku anayelalia. Nakwambia ushuku panapostahili. Shuku semina ya soda na picha, ambayo watu wanarudi na kofia tu. Shuku cheti kilichoko ukutani kama mikono ya mwenye cheti haijabadilika. Na mfanyakazi ambaye akiumwa siku moja kazi yote inalala, huyo mshuku sana, maana kuna kitu amekifunga mahali. Ukimpeleka mtu mafunzo, akirudi mkalishe mbele ya wenzake asitoke mpaka amwage vyote. Na kabla ya hao wote, jishuku wewe unayeogopa mdogo wako ajue. Usilolijua ni usiku wa giza, wahenga walisema. Lakini ulilolijua ukalificha, giza lake linamwangukia mwingine, asiye na kosa.

Nenda kazini na heri yangu. Mungu akupe kifua cha kufundisha na sikio la kufundishwa. Akupe mdogo atakayekupita, na siku akupite akukute umesimama njiani unampungia mkono, mkono mzima, ulionyooka.