Trekta la Makoye Laenda Ukweni

Makoye alivuta kamba, na trekta lake dogo likanguruma kwa kishindo hata kuku wa ukweni wakarukia paa. Akacheka kwa furaha. Hajafunga mdomo, mshindo ukapanda, ukazidi kupanda, chuma chote kikatetemeka. Kisha ukashuka ghafla, injini ikakohoa mara mbili tatu, ikazima.

"Limekufa?" aliuliza Bujiku, baba mkwe wake, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu liwe ndiyo.

"Halijafa, baba. Linaamka."

Watu waliojaa ukingoni mwa shamba wakaangua kicheko. Kijiji kizima cha Didia kilikuwa pale asubuhi ile, au angalau wote waliokuwa na miguu. Hata bagobogobo walikuja, wale vijana wanaolima kwa ngoma, jembe linapanda na kushuka kwa wimbo. Bujiku ndiye aliyewaita, ili chuma kikishindwa wao wamalize kazi. Walikaa juu ya mipini ya majembe yao wakimtazama Makoye kama wanaosubiri chakula kiive.

Trekta lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa na magurudumu mawili tu, na mtu hutembea nyuma yake akilishika mikono yake miwili. Mzungu mmoja wa mgodini Geita alikuwa akililimia bustani ya mboga, na alipotaka kurudi kwao akatangaza kuliuza. Makoye alikuwa fundi wa pampu pale mgodini. Injini alijifunza jeshini wakati wa vita. Alipoliona lile trekta, akili ikamruka. Alikwenda mnadani akauza maksai wake wote wawili, maksai waliokuwa wakisifiwa mpaka vijiji vya mbali, akarudi nyumbani anasukuma chuma huku akiimba.

Mkewe Zipora alilizunguka lile trekta. Mwisho akauliza, "Baba Generosa, hiki kinakula nini?"

"Petroli."

"Na samadi yake je, tutaizoa wapi?"

Walizozana mpaka jua likazama, na kesho yake alfajiri Zipora akambeba mtoto wao Generosa mgongoni, akaenda kwa baba yake. Nani angemlaumu? Mwanamke ameolewa kwenye zizi, anaamka anakuta zizi tupu na kitu kinachonuka moshi.

Makoye alipokwenda kumfuata, Bujiku hakuzunguka mbuyu. "Mimi binti yangu nilimwoza kwa mwenye maksai, si kwa mwenye moshi. Lete chuma chako kilime shamba langu la karanga mbele ya watu. Kikilima lote, mchukue mkeo. Kikishindwa, anabaki hapa."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mezani asubuhi ile. Zipora mwenyewe alisimama kati ya wanawake, kibuyu cha samli kwapani, mtoto mkono mwingine, uso ameugeuzia upande mwingine kabisa.

Makoye akapiga magoti. Tuseme ukweli, hofu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa raha. Injini iliyoharibika ilimsisimua kama ngoma inavyowasisimua wenziwe. Akafungua bomba la petroli: mafuta yanashuka vizuri. Akatoa plagi, akaifuta, akairudisha. Akavuta kamba. Mshindo ukapanda hadi mbinguni, ukaanguka, ukapanda tena, ukazima.

"Linaimba!" alipiga kelele kijana mmoja wa bagobogobo. "Ila halijui wimbo!"

"Subiri nilifundishe," Makoye akamjibu, naye akicheka.

Ikabaki gavana. Hicho ndicho kifaa kinachoiangalia injini: ikikimbia mno, mkono wake unasukuma kijiti kinachobana kabureta, ikichoka, springi inauvuta mkono nyuma na kabureta inafunguka. Makoye akaona springi ndiyo iliyolegea. Akaihamishia tundu la mbele ili ivute zaidi. Lo! Safari hii injini ilipiga ukelele wa kutisha, trekta likaruka mbele peke yake, na wazee wenye heshima zao wakakimbia wameshika mashuka. Makoye alilizima akiwa amelala kifudifudi juu ya udongo.

Bujiku aliwageukia vijana. "Shikeni majembe."

"Baba, nakuomba! Kidogo tu!"

Bujiku alitazama jua, akamtazama binti yake, akawainulia vijana kiganja wangoje. Vijana wakasimama, lakini hawakuanza.

Makoye akakaa chini akajilazimisha kufikiri. Wiki nzima trekta hili lilikuwa na wazimu asubuhi tu. Likifika saa sita linatulia, linanguruma vizuri mpaka jioni. Alidhani ni baridi ya injini tu, basi. Lakini injini ilikwisha kupata moto sasa hivi na wazimu uko palepale. Kwa hiyo kinachongoja jua si injini. Ni kitu kilicho nje yake. Akausukuma mkono wa gavana kwa kidole. Ulipaswa kurudi wenyewe. Haukurudi, ulibaki palepale alipouacha, umenata, halafu ukaanza kurudi polepole kwa uvivu.

Akakuna penye kiungo kwa ukucha. Ukatoka uji mzito wa kijivu, mafuta yaliyoganda na vumbi. Grisi gani hii? Yeye hakupaka grisi pale. Akanusa.

Samli. Asubuhi huganda, jua likipanda huyeyuka.

Pale nyumbani mwenye samli alikuwa mmoja tu. Na kwa kina Zipora, kila kipya kinachoingia nyumbani, liwe jembe, liwe mtungi, hupakwa samli ili kikae. Akainua macho kwenye pua ya trekta, penye ule mstari wa mafuta aliodhani umemwagwa na mzungu. Ulikuwa umechorwa kwa kidole. Zipora aliondoka amenuna, lakini kabla ya kuondoka alikuwa amekwisha kulipokea trekta.

Akamtazama. Zipora akatazama kuku juu ya paa.

Makoye alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua kiungo, kijiti na kipepeo, kile kibati cha kufungia kabureta, mpaka mkono wa gavana ukawa unacheza kwa pumzi tu. Akairudisha springi kwenye tundu lake la zamani. Akavuta kamba.

Injini ikashika sauti moja, ikabaki nayo. Alipotia jembe ardhini mshindo ulizama kidogo, na yenyewe, bila mtu kuigusa, ikajiongezea nguvu na kusonga. Udongo ukapinduka! Makoye alipiga mayowe, watu wakapiga mayowe, na bagobogobo, ambao hawawezi kusikia mdundo na kukaa bure, wakachukua ngoma wakaufuata mshindo wa injini, wakamchezea Makoye tuta kwa tuta mpaka shamba likaisha.

Bujiku alichukua bonge la udongo, akalivunja mkononi. "Mchukue mkeo," alisema. "Na kesho ulete hicho chuma, nina shamba jingine."

Zipora alikuja akasimama kando ya trekta. Akainama, akaona kiungo kinang'aa.

"Umeifuta."

"Pale tu. Pale inalikaba trekta koo." Makoye akaonyesha pua ya trekta. "Huku sijagusa. Kwa nini hukuniambia, Mama Generosa?"

"Nilikuwa na hasira. Lakini kitu kimeingia nyumbani mwangu, ningekiachaje kikavu?"

Akamkabidhi mtoto, akafungua kibuyu, akachovya kidole.

"Haya," alisema, "nionyeshe pa kupaka na pasipopakwa."