Siku Landrova Ilipokuja Kunitoa Harusini

Siku ile naiona hata sasa nikifumba macho, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwoa mama yako, na nusura nimkose kwa ajili ya kompyuta. Cheka tu. Hata mimi nacheka, na mama yako akisikia nimeanza kuisimulia tena, atatoka jikoni kuja kunisahihisha.

Juzi kwenye Idi nilikuona umekaa nje na kompyuta yako mapajani, pilau inapoa, unasema kazini programu imewashinda na hakuna mwingine anayeijua ila wewe. Ulisema kwa kulalamika, lakini mimi ni baba yako. Niliona ulivyofurahi kidogo. Raha hiyo naijua, nimeionja kabla yako, kwa hiyo leo nipe masikio.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nimerudi Isiolo kutoka Nairobi, nimesomea kompyuta wakati ambapo watu wa mji wetu walikuwa hawajaiona hata moja. Nikaajiriwa na ofisi iliyopanga malori ya kupeleka ng'ombe na mbuzi Nairobi. Mashine ilikuwa moja tu, ya maandishi ya kijani, na jenereta ilinguruma nje kutwa nzima. Programu niliiandika mimi. Mwenye mifugo anafika, anaandikishwa ana wangapi, kisha programu inasema ni lori gani litawabeba na nani atapakia kwanza. Kabla ya hapo kila siku ya kupakia watu walikuwa wakitoleana fimbo.

Basi nikawa mtu mjini. Wazee walinisalimia kwanza wao, na hotelini sikungoja chai. Na programu yenyewe niliiandika kwa namna yangu, kila sehemu nikaipa jina la ng'ombe wa baba yangu. Iliyohesabu mifugo niliiita Guracha, yule mweusi. Iliyogawa nafasi kwenye malori ilikuwa Dimtu, mwekundu, na iliyopanga zamu ilikuwa Dalacha, wa kijivu. Maelezo sikuandika popote. Kanana, msichana wa Kimeru aliyekuwa akiingiza majina kwenye mashine, aliniomba mara nyingi nimfundishe ilivyofanya kazi. Nilimwambia tutapata nafasi. Haikupatikana, kwa kuwa sikuitafuta.

Harusi ilikuwa Gotu, kwa kina mama yako. Babu yako mzaa mama, Mzee Galgalo, alikuwa aba herega wa kisima chao, yaani ndiye aliyepanga zamu za kunywesha: ng'ombe wa nani waanze, wa nani wangoje, na mgeni aliyetoka mbali aingizwe wapi. Wakati wa kiangazi neno la mtu kama huyo ndilo linalozuia damu isimwagike. Alikuwa mpole, mwenye utani mwingi, lakini akisema keti, unaketi.

Shehe alikuwa amekwisha kukaa, mashahidi wamekaa, nami nimevaa shuka jipya lililonikwaruza shingo, tulipoona vumbi barabarani. Ilikuwa Landrova ya ofisi. Akashuka bosi wangu, Bwana Kirimi, na Kanana nyuma yake.

"Habari zenu, wazee. Samahani sana," bosi akasema, kofia mkononi. "Guyo, mashine imegoma. Mbuzi wamejaa, malori yamesimama, na wenye mifugo wameanza kushikana mashati. Twende mara moja tu, jioni nakurudisha."

Mara moja, kwa barabara ile! Tena bwana harusi anayeondoka kabla ya nikaha huko kwetu hangojewi mpaka jioni. Wajomba zako walikuwa wamekwisha kutazamana. Mama yako alikuwa ndani ya nyumba, hatua chache kutoka pale, anasikia kila neno. Nami, mwanangu, miguu yangu ilikuwa tayari inatafuta viatu. Moyo ulinivimba kwa furaha ya kijinga: hata siku ya harusi yangu Isiolo haiwezi kwenda bila mimi!

Mzee Galgalo akanishika mkono. "Keti, kijana yangu." Nikaketi.

"Mimi kazi yangu nini?"

"Wewe ni aba herega, mzee."

"Na leo kisimani ng'ombe hakuna?"

"Wako."

"Mimi niko wapi?"

Watu wakaanza kuguna na kucheka. Nilitazama chini.

"Iko kijana anaitwa Wario," akaendelea. "Yeye anapanga zamu, mimi nakaa kando. Akikosea namwambia pole pole. Ndio leo naweza kuoza binti yangu na kisima iko sawa. Sasa wewe unataka kuoa na hujaacha mtu kwa kisima yako? Binti yangu akishikwa na uchungu usiku, utakaa na yeye ama utaenda kwa hiyo mashine?"

"Aba, muulize hiyo ya mwisho tena!" Sauti ya mama yako ikatoka ndani. Wanawake wakaangua kicheko, na shehe mwenyewe akafunika mdomo kwa mkono.

Bosi alicheka pia, kisha akakumbuka mbuzi zake. "Lakini mzee, sasa tufanye aje?"

"Huyu msichana si ndiye anakaa na mashine? Afundishwe hapa. Shehe atangoja, na sisi pia tusikie."

Nikachukua kijiti nikachora mchangani. Kanana akachuchumaa mbele yangu, na wageni wa harusi wakatuzunguka. Nilipotaja kwamba Guracha ndiye anayehesabu, mzee mmoja aliyelijua boma letu akapiga kelele. "Guracha? Ile ya kupiga watu teke? Siku hizi inahesabu mbuzi ya wenyewe?"

"Kumbe ni ng'ombe!" Kanana akasema. "Nimetafuta hiyo Dimtu kwa kitabu ya kompyuta mpaka nikachoka!"

Nikamuuliza asubuhi ile aliandika nini kabla mashine haijagoma. Akafikiri. Alikuwa amemwandika mfanyabiashara mmoja aliyeuza mbuzi wake wote njiani, lakini hakutaka kupoteza nafasi yake ya lori, kwa hiyo Kanana akamwekea mifugo sifuri. Nikajipiga paja. Dimtu alikuwa akigawa nafasi kwa idadi ya mifugo, na hakuna mashine inayoweza kugawa kwa sifuri. Inasimama pale pale. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kushika zamu na hana hata mbuzi.

"Kisimani wako wengi hao," babu yako akasema.

Nikamwambia Kanana amfute mtu huyo, aanze upya, na ikikataa aangalie wapi. Akauliza, akachora yeye mwenyewe, akauliza tena. Kisha Landrova ikaondoka naye. Nikaha ikasomwa. Nitakuwa mwongo nikisema sikugeuka kutazama barabara, lakini niligeuka mara chache kuliko nilivyodhani.

Jua linakaribia kuzama tukasikia honi. Kanana alikuwa ametoa nusu ya mwili dirishani. "Yameondoka! Malori yote yameondoka!" Wanawake wakampigia vigelegele kana kwamba yeye ndiye bibi harusi, wakamvuta katikati, akacheza mpaka giza likaingia. Alipopita karibu nami akaniinamia. "Na Dalacha nimemrekebisha kidogo. Alikuwa mzembe." Wivu ulinichoma kama mwiba, halafu nikamwona mama yako anacheka, na mwiba ukatoka wenyewe.

Kuanzia wiki ile tulikaa pamoja, mimi na Kanana, kila sehemu nikaiandikia kazi yake kando ya jina lake. Majina ya ng'ombe alikataa kuyabadilisha. Ilipotokea kazi kubwa zaidi Nairobi, bosi aliniambia waziwazi kwamba asingekuwapo Kanana angenikatalia. Nikaenda. Nikakaa muda mrefu nikingoja simu ya kuniambia programu imeanguka, waniombe nirudi. Haikuja. Mwisho nikapiga mwenyewe. Kanana akapokea, akanisalimia vizuri, akaniambia ana haraka, nipige kesho. Nikaweka simu nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Andika programu yako ili mtu mwingine aisome bila kukuita. Anayekuomba umfundishe, mfundishe wiki hiyo hiyo, na akikosea mwambie pole pole. Usione fahari kwamba bila wewe kazi inasimama. Kazi ya namna hiyo haitakuachia uoe, uzike wala upande cheo. Na ukisikia mwanafunzi wako ameboresha ulichotengeneza, mpigie vigelegele wewe wa kwanza, hata kama roho inauma kidogo.

Mwenyezi Mungu abariki mikono yako na akili yako. Akupe nyumba yenye kelele za watoto, na chakula unachokila kikiwa moto. Na akujalie wanafunzi hodari, mpaka siku moja uwapigie simu wakwambie wana haraka. Amin.