Jezi ya Refa Barafu

Shemeji yangu ni fundi wa vigae. Siku za kazi hupiga magoti kwenye sakafu za watu, na mwisho wa wiki huingia uwanjani na kipenga. Waamuzi wenzake wamembandika jina la Barafu kwa sababu hapandi joto. Nimemwona kwa macho yangu akitukanwa na jukwaa zima, naye anatazama saa yake tu kama mtu anayesubiri maji yachemke. Dada yangu, mkewe, haoni kama hiyo ni sifa. "Kuishi na mtu asiyekasirika ni kazi," huniambia. "Hasira za nyumba nzima nazibeba mimi peke yangu."

Basi Barafu akapangiwa mechi kubwa kuliko zote alizowahi kuchezesha, katika jiji la mbali, na chama cha soka kikasema kitamlaza hotelini. Akaamua kumchukua dada. Hakuwahi kumchukua popote. Dada ni mpishi wa shule ya bweni, na mapumziko anayoyajua ni yale ya kusubiri masufuria yakauke. Alinunua mkoba mpya, akasuka nywele, akaniachia funguo za nyumba na maagizo marefu kuliko safari yenyewe.

Walifika mchana. Pale mapokezi msichana mmoja mwenye tabasamu zuri aliwakaribisha, akaanza kuwaeleza chumba chao kilipo, na katikati ya sentensi akaingia mlango wa nyuma. Hakuomba hata radhi. Walisimama na mizigo yao mpaka dada akaanza kugonga kaunta kwa kucha. Akatokea mwanamume mwenye tai.

"Mmehudumiwa?"

"Tulikuwa tunahudumiwa," dada akasema.

"Haya, vizuri," akajibu yule, akaenda zake.

Lakini chumba! Dada hasifu ovyo, ila kwa chumba kile anakiri. Kitanda kipana, mashuka yamenyooka, mapazia mazito yanayofunga bila kukwama, dirisha linalotazama mapaa ya jiji. Barafu alikwenda moja kwa moja bafuni. Dada alimkuta amechuchumaa, anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Mama watoto, njoo uone. Mistari imekutana kona zote. Hata nyuma ya choo! Nani siku hizi anahangaika na nyuma ya choo?"

"Taulo iko moja."

"Wataleta. Watu waliopanga vigae hivi hawawezi kutuangusha."

"Waliopanga vigae walishaondoka, baba watoto. Waliobaki ndio wale wa kule chini."

Dada akapiga simu kuomba taulo ya pili. "Inakuja, mama." Ikaja mito. Akapiga tena. "Inakuja, mama." Kikaja kitanda cha mtoto mchanga, kinasukumwa na mzee mwenye adabu zake, aliyeuliza mtoto alazwe upande gani. Chai waliyoagiza ilifika bila vikombe. Vikombe vikaja chai imeshapoa, vimebebwa na mtu mwingine, naye akashangaa kukuta chai mezani. Na katikati ya vurugu hiyo akapita mama wa usafi, akaona kifungo cha koti la Barafu kinaning'inia, akatoa sindano mfukoni mwake, akakishona pale pale bila kuombwa.

"Hapo ndipo waliponichanganya," dada anasema. "Wangekuwa wabovu wote, ningejua pa kuanzia kugomba."

Kila alipofungua mdomo, Barafu alisema, "Wamezidiwa tu hao."

Jioni alitoa jezi ya mechi, nyeusi, yenye nembo ya chama kifuani. Chama kilikuwa kimempa hiyo moja. Dada alitaka kuipiga pasi mwenyewe, Barafu akakataa katakata. "Leo wewe ni mgeni. Kuna dobi hapa." Akaitia kwenye mfuko pamoja na bukta, akaukabidhi, akaahidiwa kwamba asubuhi vitakuwa mlangoni.

Asubuhi mfuko ulikuwa mlangoni kweli. Ndani mlikuwa na bukta, imepigwa pasi hadi inapendeza, na chini yake koti jeupe la mpishi. Jezi haikuwemo. Barafu akapiga simu.

"Inakuja, mzee."

"Neno hilo nikilisikia tena," dada akasema, "nitamng'ata mtu."

Wakashuka. Yule mwenye tai akauliza, "Ni jezi ya timu gani, mzee?"

"Siyo ya timu. Mimi ni refa."

"Aa! Basi usije ukatupa kadi nyekundu!" Akacheka peke yake. Utani huo Barafu amefanyiwa na wauza duka, madaktari, na hata aliyewafungisha ndoa. Akatabasamu kwa taabu, akaenda kwa dobi. Dobi akasema jezi imeshapanda juu. Juu wakasema haijatoka kwa dobi. Akarudi kwa dobi, akakuta dobi ameenda kunywa chai.

"Na sisi tukanywe," dada akasema, "kabla hatujazimia."

Hata hawajakaa sawasawa mezani, akaja mhudumu mmoja mrefu, amebeba trei ya mayai, anatabasamu. "Karibuni sana. Mtakunywa chai au kahawa?" Alikuwa amevaa jezi nyeusi. Nembo ya chama ilikuwa kifuani, na chini ya nembo, ute wa yai.

Dada anasema aliona mishipa ya shingo ya mumewe ikitokeza, kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu amjue.

"Vua."

"Samahani, mzee?"

"Vua! Vua nguo yangu!" Ukumbi mzima ukageuka. "Nimezungushwa jengo hili kama kichaa! Taulo inakuja, chai inakuja, jezi inakuja! Mnaniletea kitanda cha mtoto! Mtoto gani? Mtoto wetu ana ndevu!"

Mhudumu akaweka trei chini taratibu, akavua jezi mbele ya watu wote, akabaki na fulana yenye matundu. "Nimepewa na dobi, mzee," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi ni mgeni hapa, sijapata sare. Niliambiwa sare ya hapa ni nyeusi, nikavaa."

Na dada, aliyetamani miaka yote mumewe akasirike walau mara moja, anasema hakufurahi hata chembe. Akaichukua jezi. "Hujakosea wewe, kaka," akamwambia yule mhudumu. Barafu akapanda chumbani, akashuka na lile koti la mpishi. "Vaa hili kwanza," akasema, macho yakiwa sakafuni. "Unisamehe."

Dada alifua jezi kwenye sinki kwa sabuni ya kuogea, akaikausha kwa mashine ya kukaushia nywele iliyofungwa ukutani, ambayo, kama kila kitu cha chumba kile, haikuwa na kasoro. Barafu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimemfokea mtu asiye na hatia."

"Ungemfokea yule wa tai, ningekupigia makofi."

Uwanjani aliingia na jezi yenye unyevu kwapani. Mechi iliisha sare, na kama kawaida pande zote mbili zilimwona yeye ndiye mkosaji. Dada alikuwa jukwaani kwa mara ya kwanza maishani. Mwanamume wa kiti cha jirani alipopayuka kwamba refa amenunuliwa, dada alimgeukia. "Anunuliwe na nani? Mtu hata chai hajanywa!"

Waliporudi hotelini, mizigo yao ilikuwa mapokezi, imepangwa vizuri kuliko walivyoipanga wenyewe. Chumba chao kilikuwa na wageni wengine.

"Tulidhani mmeondoka," akasema yule msichana wa tabasamu.

Barafu hakufoka. Akiba yake ilikuwa imeisha asubuhi. Safari hii alifoka dada, mpaka meneja akaletwa, akaomba radhi kwa heshima, akawapa chumba kikubwa zaidi, cha kona. Dada akaapa hatalala. Angekaa kwenye kiti mpaka kuche, wamwone. Alikaa kitandani ili tu avue viatu, na baada ya hapo hakumbuki kitu.

Asubuhi meneja alikuwa anawangoja mlangoni, mkono kifuani. "Natumaini mmelala salama, mama."

Dada alikuwa na hotuba tayari kichwani. Lakini mtu aliulizwa usingizi, hakuulizwa taulo wala chai, na dada hajui kusema uongo.

"Nimelala vizuri," akasema, meno yamekazana. "Sijawahi kulala vizuri hivyo."

"Tunashukuru sana, mama!" Meneja akang'aa uso mzima.

Anapolisimulia hili, hapo ndipo dada huipiga meza ngumi.