Dagaa Wasiofika Madhabahuni

Dagaa walioanikwa wakanyeshewa kabla ya kukauka wana harufu yao, na aliyekulia Bangwe, kule Kigoma, hahitaji kuelezwa. Juzi jirani yangu hapa mjini alisahau karai lake la dagaa nje, mvua ikapita, na asubuhi harufu ile ikanifuata hadi sebuleni. Nilifunga madirisha yote. Mke wangu alidhani ni uvundo unaonikera. Ilikuwa aibu, na ninawaeleza ninyi kwa sababu yeye bado sijamweleza.

Mama yangu alianika dagaa ufukweni, na ndiye aliyefagia kanisa letu dogo lililokuwa juu kidogo ya mchanga. Alitoka kwao Burundi akiwa msichana, akafika Kigoma peke yake, na habari za huko hakuzizungumza. Kusoma hakujua, lakini habari za Musa alikuwa nazo kichwani kwa kusikia tu. Alipenda hasa pale Musa anapoambiwa auwekee mlima mipaka, watu wasiupande wala kuugusa. Mimi nilimwona Mungu wa mlima ule ana maringo. Anawatoa watu Misri kwa mbwembwe zote zile, halafu anawaambia wasimsogelee.

Mwaka niliotakiwa kuanza sekondari, mama alichukua dagaa wengi kuliko kawaida yake. Fedha ya sare yangu na ya godoro la bweni ingetoka humo humo. Walikuwa hawajakauka wingu lilipovuka ziwa kutoka upande wa Kongo. Mchungaji akaagiza kanisa lifunguliwe, wanawake waingize mali yao. Ufunguo alikuwa nao mama. Alifungua, akasogeza mabenchi, akawasaidia wenzake, Wakristo kwa Waislamu, hadi sakafu ikajaa. Alipogeuka na karai lake mwenyewe, palibaki jukwaa la madhabahu tu.

"Weka huko juu, Mama Eliya," mchungaji alisema. "Mungu anaelewa."

Mama alisimama chini ya kidato cha jukwaa, karai kichwani. "Oya, Mchungaji," alikataa kwa neno la kwao. "Pale si petu."

Mvua ilishaanza kupiga mabati. Nilimwona mama akininyima shule kwa ajili ya kipande cha sementi, na wanawake wote wakitutazama, nikaona haya kuwa mwanawe. Basi nikasema kwa sauti, "Mama, weka tu. Mungu mwenyewe hali dagaa."

Kanisa zima lilicheka. Hata mchungaji alitabasamu. Nami, Mungu anisamehe, nilikifurahia kicheko kile, nikajiona mmoja wao. Mama hakunigombeza. Aligeuka na karai lake akatoka mvuani.

Dagaa wetu waliota funza, wakaishia kuwa chakula cha kuku. Nilianza shule nimechelewa, ndani ya sare ya kuazima iliyonipwaya mabegani. Kwa muda mrefu sikumsemesha mama vizuri. Nilijiambia kuwa anamwogopa Mungu jinsi wachuuzi wanavyomwogopa mgambo.

Nilikuwa tayari baba wa watoto nilipomuuliza. Tulikuwa uani kwake, anachambua maharage. Nilimtajia Uza, yule aliyelishika sanduku la Mungu lisianguke akafa papo hapo, nikamuuliza kama ndicho alichohofia siku ile.

"Nife kwa ajili ya dagaa?" Alicheka kidogo, akaendelea kuchambua.

"Lakini mchungaji alikuruhusu, mama."

"Mchungaji si mwenye nyumba. Kule kwetu watu wenye silaha waliingia bila kubisha hodi. Wakapita hadi chumbani kwa mama yangu, ambamo hata sisi watoto tulikuwa hatuingii. Na wao walisema wana sababu. Tangu siku ile, mwanangu, mahali ambapo mwenyewe hajaniambia karibu, siingii. Pawe pa mtu, pawe pa Mungu."

Nilivuta kigoda, nikachota maharage, nikachambua pamoja naye, uso nimeuinamisha asije akauona.