Kalamu Niliyokwenda Nayo Kupiga Kura

Sikuwahi kupiga kura London. Kwetu Pemba niliona uchaguzi ukitenga ndugu hata wasizikane, nikasema basi. Misaada ya serikali nayo sikuipenda. Nilisafisha ofisi za watu mpaka magoti yakakataa, na binti yangu nikamlea kwa jasho hilo.

Sasa kodi ya nyumba yake ikapanda. Yuko peke yake na wanawe, kazi yake kutunza wazee, anakaa mtaa wa nyuma yangu hapa Barking, mashariki ya London. Msaada wa kodi anaopewa na kaunsili, baraza la mtaa, haukutosha tena. Wakamwambia nyumba za rahisi ziko kaskazini ya nchi, mbali kwa treni. Akaanza kufunga maboksi.

Ukafika uchaguzi wa diwani. Mgombea mmoja akaahidi kuongeza ule msaada. Mwenzake akasema watu wafanye kazi.

"Huyo wa pili kakusikia wewe, mama," binti yangu akasema.

"Usinipandishe presha."

"Basi nenda kapige. Hata ukimpa huyo mwenzio."

Nikenda. Kituoni nikakuta penseli imefungwa kwa uzi. Penseli! Kitu cha kufutika. Nikatoa kalamu yangu ya wino mkobani, nikatia alama, nikaikandamiza. Nilipokwisha kutumbukiza karatasi nikamnyooshea msimamizi kidole anitie wino. Akakitazama kwa huruma, akaniuliza kama nataka plasta.

Nje nikamhadithia binti yangu. Akacheka hata akashika ukuta.

"Huku hawatii wino, mama!"

"Sasa watajuaje kama nishapiga?"

Akafuta machozi. "Umempa nani?"

"Kura siri."

"Hata kwangu?"

"Hata babako, Mungu amrehemu, nisingemwambia."

Usiku akaendelea kufunga maboksi.

Aliyeahidi nyongeza alishinda, si kwa kura nyingi. Madiwani wakakaa, wakabishana wiki kadhaa, wakapitisha nyongeza, pungufu ya ile ya kampeni. Binti yangu akasema watabaki, ila itabidi achukue zamu za Jumapili.

Jumapili ya kwanza nikenda kukaa na wajukuu. Wakasema wana njaa, kwa Kiingereza chao. Jikoni hamna hata mwiko, vyombo vyote vimo kwenye maboksi. Nikachukua kisu, nikakata utepe wa boksi, nikatoa sufuria kubwa ya wali.