Wimbo wa Saa Saba Mchana

Babu yangu alipiga piano katika bendi za jazz maisha yake yote, Dar es Salaam na nchi za nje, na wazee bado wanazitaja nyimbo alizotunga. Mwaka huu alirudi Iringa kupumzika. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa, kwa hiyo akanipigia simu Mbeya, ninakokaa na mama mtaa wa Soweto tangu nimalize chuo na kukosa kazi.

"Njoo na hiyo simu yako nzuri," alisema. "Tuurekodi upya ule wimbo wa mama yako kabla mikono haijanikataa."

Aliutunga mama alipozaliwa. Hauna maneno, ni piano tupu, na babu husisitiza kwamba ni wa kucheza. Njia nzima niliwaza: simu ikizima je? Jirani akianza kutwanga? Basi liliposimama njiani, wenzangu wakinunua nyanya kupitia madirishani, mimi nilikuwa nafanya jaribio la kurekodi kelele zao.

"Msomi," babu alinipokea, "umekonda kwa mawazo."

Alitaka madirisha yawe wazi. Niliweka simu juu ya piano, naye akaanza polepole, akipasha vidole moto. Alikuwa ameurudia mara kadhaa niliposikia kilio uani.

Walikuwa akina mama wa jirani, khanga viunoni, mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mwingine na ndoo ya unga. Nyuma yao mwanamume alibeba viti vya plastiki.

"Pole, mwanangu," mwenye kuni alinikumbatia. "Ameondoka saa ngapi?"

"Nani?"

"Si babu yako?"

Babu akatokea mlangoni. Ndoo ya unga ilianguka.

Walitueleza wakikatizana. Redio ya hapo mjini hupiga wimbo huo, kutoka kanda yake kuukuu inayokwenda polepole, kila saa saba mchana, kabla ya kusoma matangazo ya vifo, miaka na miaka. Ukianza, watu huacha kula. Walipousikia kwetu kwa sauti kubwa, walijua mzee katangazwa. Mbeya redio hiyo hatuipati, na babu hasikilizi redio. Mji mzima ulijua, isipokuwa sisi wawili.

Nilimwona akitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu.

"Ni wa kucheza," alisema. "Nilipata binti."

Akawaingiza ndani na kuupiga kwa kasi yake. Hakuna aliyesogea.

"Tukicheza huu, babu, mtaa utatukimbia," alisema mwenye unga, akicheka kwa haya.

Mwenye kuni hakucheka. "Nisamehe, mzee. Mume wangu alitangazwa kwa huu. Halafu mwanangu."

Mikono ya babu ilibaki hewani. Mimi tayari nilikuwa nawaza mwanasheria, haki za mtunzi, meneja wa redio.

"Niende redioni?" nilinong'ona.

"Kaa chini, mjukuu wangu." Akamgeukia yule mama. "Wao huupiga hivi?"

Akaanza upya, polepole mno. Yule mama alikaa sakafuni akalia mpaka mwisho, na babu hakuinua macho.

Alikataa kurudi na kuni zake. Tulizichemshia chai ya watu wote.

Babu aliniagiza nifute ule wa kasi, nimpelekee mama yangu huu wa pili, wenye kilio ndani yake. Niliufuta, lakini huu wa pili sijathubutu kuutuma. Mama amenipigia mara nyingi kuuliza wimbo wake uko wapi. Namwambia mtandao unasumbua.