Misiba ya Bi Posta

Kwa miaka miwili na nusu Bi Posta alizika ndugu kumi na mmoja, na kila alipotoka kuzika alirudi amenenepa.

Watu wa mtaani walimwonea huruma. Mwanamke mmoja, misiba yote ile, tena yote mbali! Hakuna hata ndugu mmoja aliyekuwa na adabu ya kufia karibu. Huyu alifia mji wa bandari, yule kwenye ziwa kubwa, mwingine kule nyanda za chumvi ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili kabla ya kuhamia. Bi Posta hupokea simu, hushika kifua, husema "Jamani!", na kesho yake asubuhi yuko kituo cha mabasi na mtandio mweusi kichwani. Basi likishavuka daraja la pili, mtandio huingia mkobani, ikatoka kofia ya jua.

Alikuwa mstaafu wa posta. Kwa miaka thelathini na moja alisimama mbele ya kabati la mbao lenye visanduku arobaini na vinane, kila kimoja na jina la mji wake, akigawa barua. Nchi nzima aliijua kwa viganja. Barua za bandarini zilinata kwa unyevu, na za mji wa ziwa zilinuka samaki hata zikitoka benki. Aliijua, lakini hakuwa ameiona. Na mama wa miaka sitini na mitatu akisema anakwenda kutembea, ataulizwa maswali mpaka basi limwache. Akisema anakwenda kuzika, atafungiwa chakula cha njiani.

Basi akatembea. Bandarini alikula pweza wa kukaanga akiwa juu ya ukuta, miguu inaning'inia, akitazama meli zikishusha makontena. Katika mji mkuu alipanda lifti ya jengo refu kuliko yote mara nne, mlinzi akidhani bibi wa watu amepotea. Kule ziwani alikula samaki wa kuchoma mpaka mwenye kibanda akamwuliza kama anamlia na mtu mwingine. Milimani alilala na soksi mbili, akaamka na mkate wa moto na siagi, na ukungu ulipofunguka akauona mlima wenyewe. "Kumbe ndiyo wewe!" akauambia.

Nauli alijilipia kwa pensheni yake. Wanawe wakimpa rambirambi alikataa, akisema marehemu aliusia hivyo. Uongo ndiyo, wizi hapana. Kila mtu na mpaka wake.

Sasa, mwanawe mkubwa alikuwa mwalimu wa nidhamu wa sekondari, mtu asiyecheka mpaka ajue kichekesho kimetoka wapi. Shuleni aliweka daftari la misiba. Mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda kuzika, mwalimu huandika jina la marehemu, maana bibi mmoja aliwahi kufa muhula wa kwanza akafa tena muhula wa tatu. Siku moja akijaza daftari hilo, kalamu ikasimama hewani. Shangazi wa Milimani! Mama si alimzika mwezi wa tatu, kwa presha? Mbona wiki iliyopita kamzika tena, kwa kuumwa na nyuki?

Kosa lilikuwa la Bi Posta mwenyewe. Ndugu wa kubuni walikuwa wamemwishia, akaanza kuazima walio hai. Isitoshe, mji ule wa milimani aliupenda kupita kiasi, akautamani mara ya pili. Mara zote mbili alipita mbali na nyumba ya wifi yake huyo, kwani si adabu kumtembelea mtu unayemzika.

Mwalimu hakumwuliza mama neno. Jumamosi alipanda basi la milimani, Jumapili akarudi, akamwita mama yake nyumbani kwake.

Bi Posta alikwenda bila wasiwasi. Moyo wake ulikuwa kwenye safari moja tu iliyobaki, ya maporomoko makubwa. Kisanduku cha mji huo kilikuwa cha chini kabisa, pembeni, na kwa miaka thelathini na moja alikiinamia mpaka kiuno kikalalamika. Asipoyaona maporomoko, hayo mengine yote aliyaona nusu. Alikuwa ameshamuuguza mjomba mmoja wiki nzima, akingoja Ijumaa ifike amuue.

Akaingia sebuleni. Kwenye kochi, bukheri wa afya, amekaa wifi yake wa milimani.

"Shikamoo, mama," akasema mwalimu. "Huyu unamfahamu?"

Bi Posta alifikiria kuzimia, akaona sakafu ni ya saruji.

"Wifi," akasema mgeni, "nasikia nimekufa."

"Kidogo tu, wifi yangu."

"Mara mbili. Tena kwa nyuki! Mimi mtu wa kufa kwa nyuki?"

"Presha nilikuwa nimeshaitumia."

Wifi akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kumtikisika. Mwalimu hakutikisika popote. "Mama, hili si jambo la mzaha. Kuanzia leo safari basi. Chumba cha nyuma kiko tayari. Utahamia hapa, ukae na wajukuu wako, upumzike."

"Nipumzike? Wanaopumzika ni wale niliowazika."

"Hujamzika mtu, mama! Si ungesema ukweli tu?"

"Nilisema."

Sauti yake ilikuwa imebadilika, hata wifi akaacha kucheka.

"Siku niliyostaafu. Hapahapa, mmekaa wote mnakunywa chai. Nikasema nataka kuizunguka nchi, niione miji niliyoisoma kwenye bahasha. Mdogo wako akacheka mpaka chai ikampalia. Wewe ukasema, 'Mama, kwa umri huo? Na watoto nitamwachia nani?' Mwezi haujaisha, shangazi yenu mkubwa akafa bandarini, akafa kweli, yule wa kwanza. Mlinikatia tiketi. Mlinifungia chakula. Wewe ulivua sweta lako mwenyewe ukanivisha. Nikazika, nikalia, nikatoka nje kupunga upepo, nikaiona bahari. Mwanangu, nilifurahi mpaka nikaona haya. Nikaelewa kwamba kwenu mimi nina ruhusa ya kwenda kulia. Ya kwenda kufurahi sina."

Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na safari hii hayakuwa ya kuigiza. Mwalimu alitazama mikono yake. Watoro aliokutana nao maishani hawahesabiki, ila huyu ndiye wa kwanza aliyemfanya ajione yeye ndiye mwenye makosa. Ilimuuma, akaacha imuume.

"Imebaki wapi?" akauliza mwishowe.

"Maporomoko."

"Kule ni siku mbili njiani. Unakwenda na nani?"

Bi Posta akaelekeza kidevu kwenye kochi. "Na marehemu."

Marehemu alikuwa ameshasimama, anauliza kama huko kuna baridi au sweta aliache.

Ijumaa asubuhi mwalimu aliwabebea mikoba hadi kituoni, yeye mbele, wao nyuma wakinong'onezana na kuchekana kama wasichana. Karibu na lango la kituo wakakutana na jirani, mwenye duka la dawa, ambaye alipoiona mikoba tu akashika kifua.

"Jamani, mama tena! Nani amefariki?"

Mwalimu akatua mikoba chini. Akasafisha koo mara ya kwanza, akasafisha mara ya pili.

"Hakuna aliyefariki," akasema. "Mama yangu anakwenda kutembea."

Bi Posta, aliyekuwa hatua mbili tu nyuma yake, akamwambia arudie, hakusikia vizuri.